Kopo la Vidonge vya Damu: Vidokezo 13 kwa Mwalimu Aliyekabidhiwa Ufunguo

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta wanawake 42 katika kila 100 wa Tanzania, wenye miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Ule wa 2015–16 ulikuwa umehesabu 45. Kwa mwendo huo, vitukuu wa binti anayeingia kidato cha kwanza leo nao watalikuta tatizo likiwasubiri.

Dawa yenyewe haina siri. Ni kidonge cha madini ya chuma na foliki asidi, kile ambacho wajawazito hupewa kliniki na wengi wanakiita fefo, au vidonge vya damu tu. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linashauri wasichana na wanawake wanaopata hedhi wapewe mara moja kwa wiki, popote tatizo linapofika asilimia 20. India inagawa mashuleni nchi nzima tangu 2013, Ghana ilianza 2017. Huku kwetu mradi wa namna hii ukifika, hufika kwa sura moja: gari linasimama, makopo yanashushwa, daftari linasainiwa, na mwalimu wa afya anabaki na ufunguo wa kabati na wasichana mia tatu wanaomtazama.

Kugawa ni rahisi. Kumezwa ndiko kwenye kazi, na vidokezo hivi vinahusu kumezwa.

1. Teua siku, kisha usiiguse tena.

India waliteua Jumatatu. Kwetu ningesita. Jumatatu ina watoro wake, hasa shule ambazo wanafunzi wamepanga vyumba na hurudi nyumbani mwisho wa wiki kufuata unga. Ijumaa nayo wengine wanawahi msikitini na waliobaki wanawahi geti. Fungua rejista ya muhula uliopita uone madarasa hujaa siku gani. Shule nyingi itakuwa Jumanne au Jumatano, isipokuwa pale mnada wa kijiji unapoangukia siku hiyo. Aliyekosa Jumanne ameze Jumatano. Aliyekosa wiki nzima anameza kimoja wiki inayofuata, si viwili. Deni la vidonge halilipwi.

2. Uji utangulie.

Madini ya chuma hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Ni kweli, na ukiwa shuleni ukweli huo uweke kando. Binti aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akatembea kilomita nne bila hata kiporo, akafagia uwanja, akasimama mstarini, ukimpa kidonge saa mbili asubuhi atatapika mbele ya wenzake. Wiki ijayo nusu ya darasa "watakuwa wameshameza nyumbani".

Mwaka 2013, mpango wa India ukiwa bado mchanga, wanafunzi wa shule kadhaa za Delhi walishikwa na maumivu ya tumbo na kichefuchefu baada ya kumeza, wakakimbizwa hospitali. Wazazi wakisikia habari kama hiyo mara moja, unahitaji mwaka mzima kuwarudisha. Ushauri wa huko ni kumeza baada ya kula, na ndivyo ufanye: uji wa saa nne, kisha kidonge. Utapoteza kiasi fulani cha chuma tumboni, lakini utabaki na wamezaji. Kama shule yako haina uji, usianze na kidonge. Anza na kamati ya shule, ajenda iwe uji, au mihogo ya kuchemsha, au utaratibu wa kila mmoja kubeba kitu siku hiyo.

3. Hakuna maji, hakuna kidonge.

Wasichana 300, kila mmoja kikombe cha mililita 200: lita 60, yaani ndoo tatu kubwa. Yachemshwe au yatiwe dawa jana yake. Kila mtu na kikombe chake. Basi.

4. Wameze hapo hapo, ukiona.

Vidonge vya kupeleka nyumbani vina safari nyingi. Vingine huishia juu ya kabati, vingine kwa dada mjamzito ambaye kliniki waliishiwa, vingine nyuma ya choo cha shule. Wewe utaendelea kuweka alama ya vema kwenye daftari huku damu ikibaki pale pale. Panga meza mbili au tatu kwa darasa, kiranja wa afya ashike daftari, matroni atoe kidonge, binti ameze, anywe, aseme jina lake, apite. Ukimtaka aseme jina baada ya kumeza, utajua mara moja kama kidonge kimefichwa chini ya ulimi, bila kumwamuru afungue mdomo kama mtuhumiwa.

Matroni au mwalimu wa kike ameze wa kwanza, mbele yao. Naye anapata hedhi, kidonge ni chake pia.

5. Choo cheusi kitajwe mapema.

Madini ambayo mwili haukuyachukua hutoka, na yakitoka choo huwa cheusi. Hakina madhara, ila binti asiyejua ataona amepata kansa. Mwambie siku ya kwanza, kwa lugha ya kawaida, bila aibu: choo kitabadilika rangi, unaweza kuhisi kichefuchefu, unaweza kufunga choo, ongeza maji na matunda. Ukisema kabla, wewe ni mtaalamu. Ukisema baada ya kuulizwa, unajitetea.

6. Uvumi wa uzazi utakuja, uuwahi.

Vidonge vya bure, vinatolewa kila wiki, tena kwa wasichana tu waliovunja ungo. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mzazi. Mimi mwenyewe ningeuliza kama si vya kuzuia mimba, na wala nisingeona aibu kuuliza. Kwa hiyo usimwite mzazi mshamba. Mwite kikaoni kabla kopo halijafunguliwa.

Katika kikao hicho msemaji bora ni nesi wa kliniki ya wajawazito, ambaye akina mama wote wanamfahamu. Aje na kopo la kwake, alilinganishe na la shule, aulize mkutano: ni nani hapa alipewa hivi akiwa na mimba? Mikono itainuka. Kidonge ambacho mama alimeza akazaa salama hakiwezi kuwa cha kumfunga mwanawe kizazi, na atakayelisema hilo kwa sauti ni mama mwenyewe. Shekhe na mchungaji waalikwe pia, wakae mbele, wasome maandishi ya kopo kwa macho yao.

India wana njia nyingine ninayoipenda: katika shule za serikali wavulana nao wanapewa. Chuma hakibagui, na uvumi wa uzazi unakosa pa kushika. Sera ya kwetu si lazima iwe hivyo, lakini ukiulizwa maoni, toa hilo.

7. Ukiulizwa kwa nini si kila siku.

Mwanafunzi mwerevu wa kidato cha tatu atakuuliza, ujiandae. Ini hutengeneza homoni inayoitwa hepsidini, ambayo ni bawabu wa chuma mwilini. Ukimeza kidonge leo, hepsidini hupanda na mlango hubanwa kwa takriban saa 24, hivyo kidonge cha kesho huingia kwa shida. Ukipumzika siku kadhaa, mlango hufunguka tena. Mapitio ya tafiti ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba wanaomeza kwa nafasi, mara moja hadi tatu kwa wiki, hupunguziwa uwezekano wa kuwa na upungufu wa damu kwa karibu theluthi moja wakilinganishwa na wasiopewa kitu.

Upo pia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016: penye tatizo la asilimia 40 na zaidi, kidonge kila siku kwa miezi mitatu mfululizo katika mwaka. Upi ufuatwe kwako si uamuzi wako wala wangu, ni wa wizara na mganga mkuu wa wilaya. Ila atakayekuletea agizo la kila siku mkumbushe kwamba ndoo tatu zinakuwa kumi na tano kwa wiki, na Jumamosi na Jumapili hakuna anayemwona mmezaji.

8. Chai ikae mbali, chungwa likae karibu.

Chai ya rangi ina tanini inayoshika chuma na kukizuia kuingia damuni. Maziwa nayo yana kalisi inayofanya kazi hiyo hiyo. Kidonge kikae mbali na chai kwa saa moja au mbili, kabla na baada. Vitamini C hufanya kinyume chake: chungwa, pera, embe, ndimu, hata ubuyu usio na rangi ya dukani. Shule yenye mti wa pera uani imebarikiwa kuliko inavyojua.

Kidonge hakichukui nafasi ya chakula. Maini, nyama na dagaa hutoa chuma ambacho mwili hukichukua kwa urahisi. Mchicha, kisamvu na maharage hutoa chuma kinachochukuliwa kwa kiasi kidogo, kwa hiyo vinataka ndimu juu yake. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takriban miligramu 15 za chuma kwa siku, mvulana wa rika lake 11. Tofauti hiyo ni hedhi.

Sasa, juisi ya bitiruti na ya rozela. Najua nitanuniwa. Vinywaji vizuri, rozela ina vitamini C yake, mnywe. Lakini wekundu wa juisi si wekundu wa damu, na binti mwenye damu pungufu, ya gramu 9 kwa desilita, hataponywa na jagi la bitiruti, hata jirani aape vipi.

9. Minyoo na malaria vinakula kazi yako.

Mnyoo wa safura hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu. Wa aina kubwa, mmoja tu, unaweza kuondoa karibu mililita 0.2 kwa siku. Wakiwa mia, piga hesabu mwenyewe. Wataalamu waliofanya kazi Pemba miaka ya 1990 walionyesha wazi jinsi safura na upungufu wa damu wa wanafunzi vinavyokwenda pamoja. Hivyo siku ya dawa za minyoo shuleni, albendazo ya miligramu 400, usiione kama shughuli ya mradi mwingine. India wameiweka ndani ya mpango huu huu, mara mbili kwa mwaka. Na viatu: safura huingia kupitia nyayo.

Pemba pia ndiko ulikofanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, ambao uliwatikisa wengi. Watoto wa chini ya miaka mitatu waliopewa chuma na foliki asidi kila siku, mahali penye malaria kali, walilazwa na kufa zaidi kuliko ambao hawakupewa. Mzazi aliyesoma anaweza kukutolea hilo, na ana haki. Jibu lake ni kwamba wale walikuwa watoto wadogo sana, waliomeza kila siku. Wasichana wakubwa wanaomeza kwa wiki ni habari tofauti. Fundisho lakini limebaki, na Shirika la Afya Duniani limeliandika: penye malaria, chuma kiende pamoja na kinga, vipimo na tiba ya malaria. Kwa shule maana yake ni mambo mawili. Mwenye homa leo hamezi, anapelekwa kupima kwanza. Na vile vyandarua ambavyo tangu 2013 vimekuwa vikigawiwa kupitia shule, kuanzia Lindi, Mtwara na Ruvuma, vifungwe juu ya kitanda, visiende kuvua dagaa.

10. Anayekula udongo mpeleke zahanati.

Kidonge cha wiki ni kinga. Si tiba. Hapa ndipo walimu wengi wenye nia njema wanapopotea, wanaona binti amepauka, wanamwongezea kidonge cha pili.

Mwangalie anayehema kwa kupanda ngazi chache, anayesinzia vipindi vya asubuhi, ambaye viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe, moyo unamwenda mbio akiwa amekaa. Mwangalie pia anayetafuna udongo wa pemba, mchele mbichi au barafu kutwa nzima. Wenzake wanamcheka, matroni anamfokea, kumbe mara nyingi ni mwili unaodai chuma. Huyo anahitaji kipimo cha wingi wa damu. Kuanzia miaka 12, binti asiye mjamzito anatakiwa awe na gramu 12 kwa desilita au zaidi. Chini ya 8 ni upungufu mkali, hakuna kusubiri Jumanne. Tiba ni dozi ya kila siku kwa miezi, chini ya mtaalamu, pamoja na kutafuta chanzo: minyoo, malaria, au hedhi nzito inayojaza pedi kila saa.

Mwenye selimundu asipewe kidonge bila kliniki yake kuridhia, hasa kama amewahi kuongezewa damu; huyo anaweza kuwa na damu pungufu na chuma kilichozidi kwa wakati mmoja. Mwenye mimba naye ana dozi yake ya kila siku kliniki. Na maswali haya yote yaulizwe faragha. Foleni ya vidonge si mahali pa kumuuliza mtoto wa watu kama ameshaanza hedhi.

11. Soma kopo, piga hesabu, tazama kalenda.

Lebo ikisema feri salfeti miligramu 200, usishtuke. Huo ni uzito wa chumvi nzima, chuma chenyewe ndani yake ni kama miligramu 65. Kipimo cha wiki cha Shirika la Afya Duniani ni chuma miligramu 60 na foliki asidi miligramu 2.8. Ghana wanatumia 60 na 0.4, India walianza na 100 na 0.5 kisha mwaka 2018 wakashusha chuma hadi 60, kwa sababu kila nchi ina kopo lake. Foliki ni ya kumwandaa binti kwa miaka ijayo: ndiyo inayopunguza watoto kuzaliwa na mgongo wazi, nayo hufanya kazi kabla mama hajajua kama ana mimba.

Ukifuata mpangilio wa miezi mitatu ya kumeza na mitatu ya kupumzika, ni wiki 26 kwa mwaka. Kwa wasichana 300 hiyo ni vidonge 7,800, makopo manane ya elfu moja. Februari hadi Aprili, kisha Agosti hadi Oktoba, na likizo zote mbili kubwa za Juni na Desemba zinakukuta kwenye mapumziko. Agiza kopo la pili la kwanza likiwa nusu. Ukikatisha wiki tatu kwa sababu bohari haina, si damu tu inayopungua, na imani nayo inakwenda.

Ramadhani ikiangukia miezi ya kumeza, kwenye shule za Tanga, Lindi au Visiwani usigawe mchana. Aliyefunga apewe kidonge chake akameze baada ya futari, karibu na kulala, chai ikiwa imeshashuka. Hapo tu ndipo ninapokubali kidonge kitoke getini. Na msichana anayeomba kumeza mchana wa Ramadhani apewe, asiulizwe kwa nini.

12. Kufuli.

Vidonge vingi vya damu vina ganda jekundu lenye utamu, na mtoto mdogo huona pipi. Chuma kingi kwa mkupuo ni sumu. Vidonge kumi vya miligramu 60 vinatosha kumtia mtoto wa kilo 10 hatarini, na wapo waliokufa. Kopo likae kabatini, kavu, mbali na jua la dirishani, na ufunguo usining'inie mlangoni. Wale wanaopeleka kidonge cha Ramadhani nyumbani wapewe kimoja kimoja. Mtoto mdogo akimeza vidonge hivi, akimbizwe hospitali na kopo lake papo hapo, hata akionekana amepata nafuu baada ya kutapika. Nafuu hiyo hudanganya.

13. Aliye nje ya geti.

Shule ni njia ya mkato, na kila njia ya mkato inaruka nyumba za watu. Dada wa kazi wa miaka 15, binti aliyeolewa baada ya darasa la saba, anayejifunza kushona kwa fundi, anayesuka saluni: hao ndio wenye kazi nzito na chakula kidogo, na hawamo kwenye rejista yoyote. India huwafikia wasichana wasiosoma kupitia vituo vya watoto vya vijijini. Kwetu yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, ipo madrasa ya jioni, ipo kwaya ya vijana, kipo chuo cha ushonaji.

Kwa hiyo mwalimu, ukikutana na mganga wa zahanati kupanga siku ya shule, mwombe mpange na ya mtaa, kabla gari la wilaya halijaondoka na makopo yaliyobaki. Na wewe msomaji mwenye dada wa kazi nyumbani, mpeleke akapime damu wiki hii, kisha umwachie nafasi ya kula ndipo aanze kuosha vyombo.